Vitenge Vimeshashonwa

Wazo, nyuma ya kigango,
Dar es Salaam.
Jumamosi, 14 Juni 2025.

Mpendwa dada yangu, Sista Tekla,

Shikamoo dada. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na kwamba ule mguu uliokusumbua wakati wa baridi umetulia sasa, maana huko kwenu nasikia joto limeanza. Vipi hao wazee wa Kitaliano mnaowatunza? Yule bibi aliyekuwa anakuita kwa jina la binti yake, bado yupo? Nilimwombea sana uliposema hana mtu wa kuja kumtazama.

Sie huku kwa mwili hatujambo. Masika yamekatika, vumbi la barabarani limerudi, na lile la kiwanda cha saruji halikuwahi kuondoka. Nafagia asubuhi, jioni nafagia tena kama sijawahi kufagia. Presha ya shemeji yako Ansbert imeshuka, daktari mwenyewe kashangaa. Kuku wanataga. Kwa hayo tunamshukuru Mungu.

Utashangaa kuona nimekaa chini na kalamu kama tulivyokuwa tunafanya zamani. Simu ninayo dada, na bando lipo. Lakini kwenye grupu la familia kila mtu anasoma, na nikikupigia nitalia, na nyumba yangu sasa hivi haina pembe ambayo mtu anaweza kulia asiulizwe. Sista Lusungu wa shirika lenu anasafiri kesho kuja huko, amekubali kunichukulia bahasha hii na kopo la senene. Nimewakaanga mwenyewe. Wape wenzako wanaoweza kula panzi, wasioweza usiwalazimishe, tusije tukaharibu utume wako.

Sasa ngoja niliseme haraka kabla moyo haujageuka. Gozbert wangu hataki kuwa padre. Hapa nyumbani ameniambia mimi peke yangu. Jumatatu, yaani keshokutwa, anatakiwa aingie kwenye mafungo ya mwisho, na baada ya mafungo ni upadrisho. Hajui aende au asiende, ananisubiri mimi nimwambie. Nami sijui, dada. Kweli tupu sijui.

Najua umeona picha kwenye grupu. Umeona turubai, umeona kamati, umeona Albano akirusha salamu za hamasa kila asubuhi kama mtangazaji wa mpira. Huyo Albano ndiye mwenyekiti wa kamati, jirani yetu wa jumuiya, mtu mwema lakini ukimpa kipaza sauti hakirudi. Ukumbi wa kule Mbweni umeshalipiwa. Kwaya imeshatunga wimbo. Nyuma ya nyumba kafungwa ng'ombe wa sherehe, kakata kamba mara ngapi sijui, na bustani yangu ya mchicha kaimaliza yote.

Na vitenge, jamani! Vitenge vimeshashonwa. Kamati iliagiza vyenye uso wa Gozbert ndani ya duara, amevaa stola yake ya ushemasi, na maneno chini: MUNGU AMETIMIZA AHADI. Nusu ya mafundi wa Manzese walikuwa wanavishona. Sasa kila ninapopita namwona mwanangu. Yuko mgongoni kwa Mama fulani, yuko tumboni kwa mwingine, na nisamehe Sista, kuna wengine kawakaa pasipostahili, anatikisika wakitembea. Fundi mmoja kakata vibaya, mshono umempitia katikati ya pua. Nilipoona nilicheka mpaka nikashika ukuta, halafu kicheko kikanigeuka.

Maana dada, yule wa kwenye kitenge anatabasamu. Huyu niliye naye ndani hatabasamu.

Aliniambia wiki mbili zilizopita, mara tu alipofika likizo. Nilikuwa barazani nachambua mchele. Akaja akavuta kigoda, akaingiza mkono kwenye ungo, akawa ananisaidia kutoa vijiwe, kama alivyokuwa anafanya angali mdogo. Nikafurahi. Nikamwambia, shemasi wangu, utajichafua. Akaendelea tu kuchambua, halafu akasema bila kuniangalia, "Mama, mie sijaitwa."

Nilidhani anasema nilikuwa sijamwita kula. Nikamjibu chai iko mezani. Akasema, "Mama. Upadre. Sijaitwa."

Swali langu la kwanza unalijua. Nikamwuliza, ni msichana? Akatikisa kichwa. Nikamwuliza tena, nikamwapisha, nikamtajia hata binti wa kwaya ya vijana ambaye maskini hana kosa lolote. Hapana. Dada, nitakwambia ukweli wa ajabu: niliumia zaidi. Angekuwepo msichana ningejua pa kwenda kugombana. Ningejifunga khanga kiunoni, ningeenda kwao, ningesema maneno yangu nikarudi. Sasa kwa jambo hili nitaenda kugombana na nani? Mlango wa kubisha hodi haupo.

Nikamwuliza, basi imani imekutoka? Akasema hapana, anaamini, anasali, watu anawapenda, wagonjwa anapenda kuwatembelea. Lakini akivaa alba anajiona kama kaazima nguo ya mtu, na mwenye nguo yuko nje anamsubiri aivue. Akasema siku ile ya ushemasi, alipolala kifudifudi sakafuni na sisi wote tunaimba litania, alikuwa anangoja asikie kitu. Akasikia ubaridi wa marumaru. Mie siku ile nilikuwa nyuma yake nalia kwa furaha, nilidhani mwanangu yuko mbinguni, kumbe yuko sakafuni tu anasikia baridi.

Kuhusu ahadi alizokwisha kuweka za useja na utii, alisema atazibeba mwenyewe, ataandika aombe kufunguliwa, hata ikichukua miaka. Alishamwambia mlezi wake wa seminari mwaka jana. Akajibiwa kwamba hofu ni ya kila mtu, asali, itapita. Amesali. Haikupita.

Halafu ndipo akasema neno lililonivunja mgongo. Alisema, "Ukiniambia niende, naenda. Sitakulaumu kamwe, mama. Ukiniambia nisiende, siendi. Ila uniambie kabla ya mafungo, maana nikishaingia sitageuka tena."

Bora angenitukana. Bora angetoroka akaniachia kikaratasi mezani. Mtoto wa miaka yote hiyo, aliyesoma falsafa na teolojia, anaweka maisha yake kwenye ungo wangu pamoja na mchele. Nilimwambia nitamjibu, na mpaka leo sijamjibu.

Unakumbuka alivyokuja duniani. Wewe ulikuwa bado mnovisi, ulipewa ruhusa ya kuja kuniona hospitali baada ya ile mimba nyingine kuharibika, ukanishika mkono ukaniambia Mungu hajasahau. Gozbert alipozaliwa akaishi, na wengine hawakuja tena baada yake, nilijua huyu si wangu peke yangu. Siku ya ubatizo wake kule nyumbani, yule padre mzee Mzungu alimpakata, mtoto akamkamata ndevu, akang'ang'ania. Padre akacheka akasema, "Huyu atakuwa padre." Kanisa zima likacheka. Mie sikucheka. Niliipokea kama ahadi, nikaifunga kwenye pindo la moyo wangu, sikuifungua mtu akaiona.

Dada, tangu hapo nimesimamia ubatizo wa watoto wengi mno hapa kigangoni. Na nimewasikia mapadre kwa masikio yangu wakisema maneno yale yale kwa kila mtoto wa kiume anayelia kwa nguvu. "Huyu atakuwa padre, huyu atakuwa askofu." Watu wanacheka, wanapiga picha, wanakwenda kula. Hao watoto leo ni madereva, ni mafundi simu, mmoja yuko rumande. Mama zao hawakuchukua. Mie ndiye niliyechukua neno la mzee aliyevutwa ndevu, nikamdai Mungu kwa neno lile mpaka leo.

Lakini nani ataniambia halikuwa la Mungu? Ndilo ninalokuuliza. Mungu hasemi na watu kama sisi kwa radi. Akisema, si atapita kwenye kinywa cha mtu? Sasa nitajuaje kinywa kipi kimetumwa na kipi kinatania tu? Mafundisho yote tuliyopewa ni kuamini ahadi. Hakuna aliyetufundisha kutambua kama tumeahidiwa kweli.

Nikwambie habari ya Jumapili iliyopita. Paroko alisoma matangazo ya daraja takatifu. Unajua yanavyosomwa, kama ya ndoa. Akataja jina lake lote na la baba yake na langu, akasema yeyote anayejua kizuizi chochote ana wajibu wa kumjulisha. Nimesikia tangazo hilo kwa wana wa wenzangu nikiwa nasinzia. Safari hii nilihisi kanisa zima limegeuka linanitazama. Kizuizi kilikuwa kinywani mwangu, kama mwiba wa samaki, hakiendi chini wala hakitoki. Paroko alinyamaza kidogo kwa ajili ya heshima ya tangazo. Ule unyamavu ulikuwa wangu, dada. Ulikuwa unanisubiri mimi. Halafu mama mmoja akapiga kigelegele, wakaitikia wote, jirani yangu wa benchi akanisukuma kwa kiwiko, "Mama Padre, simama watu wakuone." Nikasimama. Nikapunga mkono. Nilitabasamu mpaka mashavu yakauma.

Ansbert alikuwa kando yangu. Laiti ungemwona. Huyu ndiye mtu niliyemnyanyua mara ngapi kutoka kwenye vilabu vya hapa Wazo, unajua mwenyewe, ulikuwa unanitumia barua za kunitia nguvu. Tangu siku ya ushemasi wa mwanawe hajagusa tone. Hakuombewa, hakupelekwa popote, alisema tu asubuhi moja kwamba baba wa padre hawezi kuokotwa mtaroni. Sasa hivi anapaka rangi nyumba. Anapiga nyundo jukwaa la altare uani kwa ajili ya misa ya shukrani, mwalimu mstaafu ambaye hajawahi kupigilia msumari ukaingia wima. Anaimba. Mtu ambaye hakuwa anasema nami ila kuuliza chakula, jana kaniuliza nionavyo mimi, rangi ya krimu au nyeupe.

Nikamwambia krimu. Ningemwambia nini jingine?

Kwa hiyo nikisema Gozbert asiende, namrudisha baba yake kule nilikomtoa. Nikisema aende, namzika mtoto akiwa hai ndani ya kanzu, na kila siku atainua kalisi mbele za watu akisikia ubaridi ule ule. Nimepima hivi, nimepima vile. Mizani haisogei.

Nimemfikiria sana Ibrahimu. Zamani nikisikia somo lile nilikuwa naona raha, nasema huyo ndiye mtu wa imani, nami nimetoa wangu wa pekee kama yeye. Sasa nalisikia vingine. Namfikiria yule mtoto aliyebebeshwa kuni, akapanda mlima akiuliza kwa adabu. Kwa adabu, dada, kama huyu wangu. Tena Ibrahimu alishikwa mkono na malaika, akaonyeshwa kondoo. Mie natazama huku na huku, malaika simwoni, na kondoo hayupo. Yupo ng'ombe tu, naye anakula mchicha.

Usinicheke. Au cheka, nami nimecheka nilipoandika.

Mtu pekee aliyeona kitu ni jirani yangu Mama Raudha. Wewe unamfahamu, yule aliyekuletea halua ulipokuja likizo ukasema hujawahi kula tamu kama ile. Ni Mwislamu wa pwani wa asili, lakini huyu mtoto kamlea pamoja na wa kwake, wamekula sahani moja. Yeye ndiye atakayesimamia pilau la sherehe. Kitenge kakishonea dera na mtandio wake, kakivaa mpaka kwenye harusi ya ndugu zake. Nilipomwuliza kama hakusemwa akaniambia, "Mtoto nimemlea mie, nisivae uso wake?"

Juzi alikuja kuangalia masufuria. Akamkuta Gozbert anasogeza chakula tu kwenye sahani. Tulipotoka nje akaninong'oneza, "Mwenzangu, mie nimeoza watoto. Bwana harusi anayeshindwa kula kwa furaha namjua. Huyu wako hali kwa jingine." Nikamwambia ni uchovu wa mitihani. Akanitazama, akasema haya, akashika masufuria yake akaenda. Nilitamani nimkimbilie. Lakini ningeanzaje kumwambia yeye kabla ya Paroko, kabla ya mume wangu?

Sasa nifike kwenye jambo la jana. Ndilo lililonitoa kwenye kutafakari likanikalisha kuandika.

Jana mchana Gozbert alikuwa anatengeneza mlango wa banda la kuku. Baba yake alikuwa kwenye kamati. Nikaona hapa ndipo, nikingoja zaidi Jumatatu itanikuta. Nikamfuata nikamwambia, mwanangu, nikumbushe kitu kimoja. Ulikuwa darasa la tano. Ulikuja mbio jikoni ukaniambia, mama, kuna sauti inaniita kwa jina langu. Hukudanganya wakati ule, macho yako niliyaona. Hiyo ndiyo nimeishikilia miaka yote hii, si ndevu za padre peke yake. Nimeisimulia kwenye jumuiya zote, watu wamelia. Sasa sauti ile ilinyamaza lini?

Akaweka nyundo chini. Akasema haikunyamaza.

Akasema, "Nilisikia kweli, mama. Alfajiri, kabla sijaamka vizuri, nasikia naitwa. Kwa upole, Gozbert, Gozbert. Nikaifuata mpaka seminari. Kule ikawa siisikii, nikirudi likizo naisikia tena, nikajua Mungu yuko nyumbani kwetu. Mwaka huu ndiyo nimeitambua. Ilikuwa wewe. Ulikuwa unasali chumba cha pili, unamtajia Mungu jina langu."

Hakusema kwa kunilaumu. Alisema kama mtu anayekuonyesha ufunguo uliokuwa unautafuta. Akaokota nyundo akaendelea na mlango wake.

Nilisimama pale kuku wananidonoa miguu. Samweli aliitwa na Mungu akadhani ni mzee Eli, akaelekezwa, akarudi akasikia. Mwanangu aliitwa na mama yake akadhani ni Mungu, na hakukuwa na mtu wa kumwelekeza, maana mwenye kuelekeza ndiye niliyekuwa naita.

Sasa angalia nilivyonaswa, dada. Anasubiri neno langu. Nikimwambia nenda, ni sauti ile ile. Nikimwambia usiende, je, si sauti ile ile tena? Atanitii. Ataacha upadre kwa kunitii mimi kama alivyouingia kwa kunitii mimi, na mpaka azeeke hatajua kama Mungu aliwahi kumtaka au kumwacha. Kila ninachoweza kumpa mtoto huyu kina mate yangu.

Basi nimenyamaza. Mie Kokuberwa, ambaye marehemu mama alisema nilianza kuongea kabla ya kutambaa. Tangu jana nampa chakula, napokea sahani, sisemi. Ananitazama. Nadhani anafikiri nimekasirika. Sina hasira hata kidogo, nataka tu kama Mwenyezi ana neno na mtoto huyu, basi nyumba iwe kimya aweze kulisikia. Kuna wakati naona hii ndiyo imani ya kwanza ya kweli niliyowahi kuwa nayo. Kuna wakati naona ni woga tu, na kwamba mama mwenye akili angeshaenda kwa Paroko. Sijui, Tekla. Barua hii itakufikia mambo yakiwa yamekwisha, ama atakuwa ameingia mafungo, ama atakuwa chumbani kwake na baba yake ameshajua. Huwezi kunisaidia. Nimekuandikia nikijua huwezi.

Swali moja tu nakuuliza, na kama linauma lipite. Wewe ulipoitwa, ulijuaje kuwa ni Yeye? Maana nakumbuka mama yetu naye alikuwa anasali kwa sauti. Nakumbuka alivyokuwa analitaja jina lako, langu hakulitaja hivyo. Nilikuwa naona wivu. Umeshajiuliza hata siku moja? Kama ulijiuliza ukabaki, nifundishe ulibakije. Kama hukuwahi kujiuliza, nisamehe, choma karatasi hii, usianze leo kwa ajili yangu.

Ansbert anakusalimu sana. Anasema lazima uombe ruhusa uje, ameshakutengea kiti cha mbele na kukiandika jina. Mama Raudha anakusalimu, anasema halua ipo. Albano naye anataka utume ujumbe wa sauti wa kupigwa ukumbini, tafadhali usitume kwanza. Nisalimie masista wote, hasa yule mdogo wa Kihindi uliyesema anakusaidia kupanda ngazi. Nisalimie na yule bibi, kama yupo. Akikuita kwa jina la binti yake, mwitikie tu.

Nilitaka nimalize kwa kukuombea baraka kama ninavyofanya siku zote, ila baraka ya leo niazime kwako. Tuombee wewe, dada, huko mbali kanisani kwenu, hata kwa Kilatini. Mie kwa sasa siwezi. Nikipiga magoti naogopa kufungua kinywa, maana ukuta wetu ni mwembamba na mtoto yuko chumba cha pili, atasikia.

Ndimi mdogo wako, ninayekupenda na kukuhitaji,

Kokuberwa